Betri ya Kuzungushia, Betri ya Kuhesabia

Jumatatu, 16 Julai 1990

Koili sita za mota leo, mizunguko mia na arobaini ya waya kila moja. Baba anazungusha mpini, mimi nahesabu. Nahesabu kimoyomoyo, na kila kumi nagonga meza kwa kidole ili asikie nimefika wapi. Mchana wali na dagaa. Alasiri koili mbili za mwisho. Huu waya mpya wa Dubai ni laini, haukatiki ovyo kama ule tuliokuwa tukiufumua kwenye mota kongwe, miaka ile madukani hamna hata sabuni.

Kibao kilining'inia mlangoni siku nzima. TUNAHESABU. TUSIAMKIANE. Baba alikiandika kwa rangi ya mafuta kabla sijazaliwa. Barabara ya Kumi yote inakijua. Mtu akifika anaweka mzigo wake chini, anakaa benchini, anangoja koili iishe. Hapo ndipo salamu zinaanza, na zinaanza zote: hali ya nyumbani, hali ya mgonjwa, hali ya minazi.

Barua bado iko chini ya godoro. Siku ya kumi leo. Naijua kwa moyo. Miaka miwili ya masomo ya elektroniki, nje ya nchi. Niripoti Dar es Salaam Jumatatu tarehe 20 Agosti. Asiyeripoti, nafasi yake anapewa mwingine.

Baba hajui. Naitaka nafasi hii.

Jumatano, 18 Julai

Mota ya pampu ya kisima cha Maramba imerudi. Imeungua. Niliijua kwa harufu kabla haijashushwa kwenye mkokoteni.

Nimeifungua mwenyewe. Koili ya tatu. Nimeifumua huku nahesabu: mia na kumi na moja. Pungufu ishirini na tisa.

Koili hiyo sikuihesabu mimi. Ilisukwa Juni, zile siku tatu nilizokwenda Dar nikasema nafuata cheti. Sikufuata cheti. Nilikwenda kwenye usaili wa masomo. Baba alibaki peke yake na mpini.

Bwana aliyeileta amekiri, akicheka kwa haya. Kibao alikiona siku ile ya Juni. "Lakini dada yangu, mzee mwenye umri wa babu yangu, nimpite kama nampita mbuzi? Ulimi ulikataa." Akamwamkia. Baba akaitikia, kwa sababu shikamoo haiachwi ikining'inia hewani. Hesabu ikaruka. Badala ya kuifumua koili aanze upya, akakisia.

Baba. Akakisia.

Kisima chao kina mota ya akiba, dhaifu, itasukuma kwa shida wiki chache. Tumeahidi hii itakuwa tayari katikati ya Agosti.

Wanasema salamu ndiyo iliyoiunguza mota. Mimi najua ni ile safari yangu.

Alhamisi, 19 Julai

Nimempa Baba barua. Aliisoma mara mbili, akaikunja vizuri kuliko nilivyoikunja mimi. Akasema, "Nenda."

Baada ya muda akasema, "Karakana tutaifunga mwezi huohuo. Nitapumzika."

Hakunilaumu. Alisema kama anavyomwambia mteja kwamba kitu chake hakitengenezeki. Ana miaka sitini na mbili, mikono mizima, macho mazima. Ila akizungusha peke yake, akipita themanini hesabu inampotea. Imekuwa hivyo tangu Mama alipofariki mwaka juzi. Sijawahi kumuuliza inapotelea wapi.

Ameisomea karakana hukumu kwa sentensi mbili kisha akaenda kuswali. Mimi nimelia chooni, maji ya bomba nimeyafungulia.

Jumamosi, 21 Julai

Nimetoa kasha langu la chuoni uvunguni. Mashine ya kuhesabu imo yote. Ndiyo niliyoichagua kuwa kazi yangu ya mwisho pale chuo cha ufundi, na tangu siku ya kwanza nilikuwa nafikiria meza hii, mpini huu. Lakini niliporudi sikuthubutu kumwonyesha. Niliona kama kumwambia: umezeeka.

Ni kitu kidogo. Kisahani chenye tundu moja kwenye ekseli inayozungusha koili. Taa upande huu, jicho la elektroniki upande wa pili. Tundu likipita, jicho linaona, chipu inaongeza moja. Chipu ni ndogo kuliko biskuti, na ni kompyuta nzima. Ikifika mia na arobaini inaamuru mota inayozungusha badala ya mkono isimame. Ina kidirisha cha kioo mgongoni, nimekibandika utepe mweusi maana mwanga wa jua ukikaa sana juu yake unafuta programu. Na programu ikifutika basi. Iliandikwa ndani ya chipu kwa mashine ya chuoni. Hapa Tanga siwezi kuibadilisha hata alama moja.

Chuoni nilikizungusha kisahani kwa kidole. Hatukuwa na mota ya kufungia. Mwalimu alinipa alama ya juu hata hivyo.

Gereji ya Chumbageni wamenipa mota ya waipa ya Land Rover iliyokufa. Ina nguvu na haiendi mbio. Inafaa.

Mota ikisimama hasa pale inapotakiwa, Baba atafanya kazi bila mimi. Nami nitakwenda. Mambo mengine yote ni maneno.

Jumanne, 24 Julai

Nimefunga kila kitu. Betri moja ya gari kwa vyote viwili, chipu na mota, kwa sababu umeme wa nyumba unakatika utakavyo. Nikabonyeza swichi.

Mota ikaguruma. Namba nyekundu zikaonyesha 000. Zikaanza: 1, 2, 3. Zikarudi 000. Tena 1, 2. Tena 000.

Nikabonyeza mara ishirini. Mara ishirini inasahau.

Jumatano, 25 Julai

Inasahau bado. Mara moja ilifika 31 nikashikwa na furaha ya kijinga. Kisha 000.

Nimemwona Baba anatazama zile namba kutoka kwenye kiti chake. Nilitaka kuzifunika kwa kanga.

Ijumaa, 27 Julai

Nimeongeza kapasita, vile vihifadhi umeme. Kubwa, ndogo, zote nilizonazo. Nafuu kidogo: sasa inafika hamsini, sitini, kisha inaanguka.

Bwana Amirali, mwenye duka la vipuri ukuta kwa ukuta nasi, alitoka msikitini akasimama mlangoni. Familia yake imekuwa jirani yetu tangu zama za babu yake. Kibao cha kutoamkiana amekigeuza mchezo wake miaka yote: haamkii, anapiga namba za uongo ili kutuchanganya.

"Sabini na tatu! Tisini! Elfu moja!"

"Mashine haisikii, Bwana Amirali," nikamwambia. "Piga kelele upendavyo."

"Haisikii lakini inasahau kama mke wangu akiazima kitu kwangu." Akamgeukia Baba. "Mzee Kombo, huyu binti akienda Ulaya nani atanivumilia mimi hapa?"

"Hakuna," Baba akasema. "Utahama."

Wakacheka wote wawili. Nami nilicheka, kisha nikaona kwamba Baba amelisema neno "akienda" kimya kimya mdomoni, kama anaonja dawa.

Jumapili, 29 Julai

Nimetembea hadi Raskazone, kule ufukweni, peke yangu, nikarudi. Nyumba zile za kale, bustani zimeota magugu, nyingine zimeanza kupakwa rangi, watu wenye fedha mpya wamehamia. Nilipita kwenye madirisha ya ofisi zilizofungwa nikiyatazama kama mtoto anavyotazama vitumbua.

Nataka chumba chenye meza safi na mita zinazosema kweli. Nataka mtu wa kumuuliza swali akanijibu kwa swali gumu zaidi. Hapa hakuna wa kumuuliza. Chuoni tulikuwa wasichana watatu, wengine wawili wameolewa Moshi na Mwanza, barua zao sasa ni za watoto na mapishi. Nafurahi kuzipata. Nikimaliza kuzisoma nina njaa zaidi.

Na nikishaitamani meza hiyo safi, mara naiona meza ya Baba yenye vanishi iliyoganda, na ninaitamani hiyo pia, wakati bado niko hapa nayo. Sijui ugonjwa huu unaitwaje.

Jumatano, 1 Agosti

Nimeweka mita kwenye betri, nikabonyeza swichi, nikatazama sindano tu. Mota inapoanza, sindano inaanguka kama mtu aliyejikwaa. Kisha inainuka. Muda huo mdogo unatosha. Mota inajinywea umeme wote, chipu inabaki kavu, inazimia, inazinduka haikumbuki kitu. Na ikishaanza kuzunguka inatema cheche za umeme katika waya uleule ambao chipu inanywea.

Si kosa la chipu. Wala mota haina kosa, mota ni mota. Kosa ni langu: nimewalisha sahani moja.

Kila mmoja apewe betri yake. Mota ibaki na ile ya gari. Chipu ipate ndogo, ya peke yake, tulivu.

Betri ndogo sina. Zimebaki siku kumi na tisa.

Alhamisi, 2 Agosti

Bwana Amirali ameitoa betri ya pikipiki yake. Volti sita. Alikuwa anaitumia kila siku kwenda bandarini. "Nitatembea," akasema, "daktari aliniambia tumbo limekuwa kubwa, sikumwamini mpaka leo." Hataki hata nimshukuru. Nimeipeleka kituo cha mafuta wanapochaji betri.

Nilitaka kumwomba radhi kwa mara zote nilizomchukia alipokuwa anatupigia namba za uongo. Nikaona haya.

Ijumaa, 3 Agosti

Betri mbili. Diodi mbili za kupunguza umeme mbele ya chipu, volti sita zikawa tano. Nilihakikisha hakuna waya wowote wa upande huu unaogusa upande ule, isipokuwa ule mmoja wa amri, unaotoka kwenye chipu kwenda kwenye transista inayoiwasha mota. Nilijisifu kwa usafi huo. Nikabonyeza.

Namba 000, nyekundu, imara, nzuri.

Mota haikutikisika.

Nikaibadilisha transista. Kimya. Nikaifungua mota, nikaisafisha, nikaipa umeme moja kwa moja: inazunguka. Nikaifunga tena: kimya. Mashine ya juzi ilikuwa inasahau. Ya leo haifanyi kitu kabisa.

Siku kumi na saba. Nimechoka hadi kwenye meno.

Jumamosi, 4 Agosti

Tangu asubuhi hadi adhuhuri, kimya. Nimeyapima yote. Kila kitu kizima, na vyote kwa pamoja vimekufa.

Nikatupa bisibisi. Iligonga ukuta. Baba akainuka, akaiokota, akaja nayo mezani. Hajui chipu ni nini. Alinyoosha kidole juu ya ule waya mmoja wa amri, akaufuata kutoka kwenye chipu hadi kwenye transista, bila kuugusa, kama anavyofuata koili.

"Huu unakwenda," akasema. "Unarudi wapi?"

Nikaanza kumweleza kwamba ni amri tu, umeme kidogo sana.

"Kidogo ndiyo. Unarudi wapi?"

Nikaufuata kwa kidole changu. Haurudi. Nilikuwa nimezitenganisha betri mpaka zimekuwa kama ziko nchi mbili. Chipu inatoa amri, na amri haina njia ya kurudi nyumbani, kwa hiyo haitoki hata mlangoni. Jambo la mwaka wa kwanza. Nililijua. Niliogopa sana ile betri moja nikakata hata kilichotakiwa kubaki.

Waya mfupi, hasi ya betri hii kwenye hasi ya ile, mahali pamoja tu. Nikabonyeza.

Mota ikaguruma. 1, 2, 3. Hamsini. Themanini. Mia. Nilishika ukingo wa meza. Mia na thelathini na tisa. Mia na arobaini. Ikasimama.

Baba akasema, "Haya," akarudi kwenye kiti chake.

Jumanne, 7 Agosti

Koili ishirini za majaribio, waya uleule mbovu mara ishirini. Kila moja nimeifumua na kuihesabu. Mia na arobaini. Mia na arobaini. Mara moja mia na arobaini na moja, kwa sababu mota haikusimama papo hapo. Hiyo inavumilika.

Alhamisi, 9 Agosti

Leo Baba amesuka koili ya kwanza ya Maramba kwa mashine. Anauongoza waya kwa vidole, ulale bega kwa bega, kazi ambayo mashine haiiwezi. Mimi sikuwa na kazi. Nilikaa mkononi sina kitu. Kidole changu kiligonga meza bila kutumwa, kila kumi, mpaka Baba akaniangalia nikakikunja.

Niandike ukweli, hakuna atakayesoma. Nataka mashine ifanye kazi. Na leo, ilipopita themanini, niliomba isahau. Mara moja tu. Anigeukie aseme, Mwanakombo, njoo.

Haikusahau. Nimetengeneza kitu cha kunifanya nisihitajiwe, na nimekitengeneza vizuri.

Jumatatu, 13 Agosti

Nilitoka asubuhi makusudi, nikamwacha peke yake. Mashine aiwashe yeye, ikigoma agombane nayo yeye. Nilikwenda hadi posta, nikakaa kivulini, nikarudi saa sita na nusu.

Niliingia kimya. Mota inazunguka, namba zinapanda, ziko kwenye tisini na kitu. Baba anauongoza waya na midomo yake inatikisika. Nikadhani anahesabu. Hakuwa anahesabu. Alikuwa anaongea, taratibu, nusu anacheka.

Koili ikaisha, mota ikasimama, ndipo akaniona. Hakushtuka.

"Nilikuwa naongea na mama yako," akasema.

Nikasogea karibu na meza.

"Tangu alipokufa nikipita themanini anakuja. Namsikiliza yeye, hesabu naiacha. Hapo ndipo ilipokuwa inapotelea." Akafuta vidole kwa kitambaa. "Sasa hesabu ina mwenyewe. Mimi nakaa naye mpaka koili iishe."

Nilitoka nje nikakaa kwenye benchi la wateja. Miaka miwili nimekuwa nikigonga meza kila kumi, nikijiona namsaidia. Kila kumi nilikuwa namrudisha kwangu.

Ningalijua ningaligonga polepole zaidi.

Jumatano, 15 Agosti

Mota ya Maramba imepigwa vanishi, imekaushwa, imezunguka saa tano mfululizo bila kupata moto. Bwana wake amekuja kuichukua. Sikumwacha alifikie benchi, asije akamwamkia Baba kazini, nilimpokea mwenyewe barabarani.

Nimemwandikia Baba karatasi na kuibandika ukutani. Betri ya pikipiki ichajiwe kila Jumamosi. Betri ya gari kila ikichoka. Ule waya mfupi asiufungue kamwe, hata kama kila kitu kingine amekifungua. Kila waya nimeuandikia jina. Nimeacha pia nafasi ya anwani yangu, maana bado siijui.

Shangazi atampikia. Amirali ameapa kumchokoza kila siku.

Ijumaa, 17 Agosti

Nimeondoka na basi la asubuhi. Baba alinisindikiza hadi kituoni na sanduku langu kichwani, hakukubali nilichukue. Sisi hatujazoea kuongea tukiwa pamoja, kazi yetu haikuruhusu. Basi lilipowashwa aliweka kiganja juu ya bati chini ya dirisha langu, akakiacha hapo mpaka likaanza kwenda.

Jumapili, 19 Agosti. Dar es Salaam

Nyumbani kwa Mama Mdogo. Kesho saa mbili ofisini. Nguo nimezipiga pasi, barua iko mkobani. Siogopi kesho.

Juzi na jana sikumhofia Baba. Alikuwa na koili za feni, kazi ya kutosha, mota inazunguka. Lakini leo ni Jumapili. Karakana imefungwa. Yuko nyumbani, mikono haina waya, na hakuna kinachozunguka ili Mama aje. Sikulifikiria hili. Sikumtengenezea kitu cha Jumapili.

Mama Mdogo amenikaribisha chai mara mbili. Nimekaa barazani, mikono mapajani. Nafikiri Baba naye amekaa hivihivi.

Nitaingia ndani sasa, chai isipoe.